Dakika tatu za kutafuta mpira: Kaka amenipa habari ambayo ndugu zake wote wangepaswa kuijua

Mwanzisha uzi, Malindi (Jumatatu)

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Pwani na wa kwingineko. Ninaomba ushauri wa watu wazima kuhusu jambo lililonifikia jana asubuhi katika uwanja wa gofu, mwishoni mwa siku tatu ambazo vinginevyo zilikuwa za furaha tupu nyumbani kwetu. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nikilikata jambo hili kwa ufupi mtanijibu bila kujua uzito wake.

Ijumaa baada ya swala tulikutana nyumbani kwa Mama, huku Barani. Kaka yetu mkubwa, aliyestaafu kazi ya bandarini Kilindini, alikuja kutoka Mombasa akiendesha gari mwenyewe, pamoja na mkewe na binti yao. Dada yetu alikuja na mumewe na kijana wao, ambaye amemaliza kidato cha nne na anatarajia kujiunga na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Habari ya kwanza tuliyoipokea ilikuwa ya Mama mwenyewe. Wiki tatu zilizopita alitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu yetu; Ijumaa ile alisimama mlangoni, akamtazama mpwa wangu, akamwambia kwamba ndevu zimeanza kumtoka na hakuna aliyemwarifu. Sikuweza kumjibu salamu yake sawasawa kwa namna koo ilivyonikaba.

Jumamosi ilikuwa siku ya posa ya binti wa Kaka. Wageni wetu walitoka Lamu. Walivuka kwa mashua hadi Mokowe alfajiri, kisha wakaifuata barabara ya Witu na Garsen, wakafika kwetu kabla ya adhuhuri. Walikuwa watu wa adabu na maneno machache. Mzee wao aliuliza habari za ukoo kama ilivyo ada, nasi tukamjibu. Kaka, akiwa ndiye walii, aliipokea posa kwa maneno mazuri mno, na nikaha ikapangwa Mfungo Sita, baada ya Maulidi. Tulikula pilau na samaki wa kupaka, tukamaliza kwa halwa na kahawa tungu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza. Jioni yake ilifanyika akika ya mtoto wa mdogo wetu, ambayo ninaipita haraka, isipokuwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mama na mtoto wako salama.

Sasa nije kwenye gofu. Kaka aliujua mchezo huu tangu ujana wake, kabla ya kuajiriwa bandarini, alipokuwa kedi, yaani mbebaji wa mifuko ya wachezaji, katika uwanja wa kale wa Mombasa, ule ulioanzishwa mwaka 1911 juu ya majabali ya bahari, ambapo mchezaji huziona meli zikipita mbele yake kuingia Kilindini. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, nami nikamfundisha shemeji. Kila tunapokutana Malindi hucheza mashimo tisa mapema, kabla jua halijakaza. Safari hii tulimchukua na mpwa wetu, ambaye hajawahi kucheza mashimo tisa mfululizo, na tukampa handikapu ya 54, ambayo ndiyo kiwango cha juu kabisa katika mfumo wa dunia unaotumika tangu 2020. Maana yake ni kwamba alikuwa na mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo, kiasi kwamba kijana wa miaka kumi na tisa anayejifunza aliweza kushindana kwa haki na mjomba wake aliyecheza miaka arobaini. Tulihesabu pointi kwa mfumo wa Stableford: pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa shimo, ni pointi mbili, mkwaju mmoja chini ya pa ni tatu, mkwaju mmoja juu ya pa ni moja, na anayevurunda shimo hukosa pointi za shimo hilo peke yake.

Katika shimo la kwanza na la pili sikuona kitu. Katika la tatu Kaka alipiga mpira mzuri sana, umenyooka katikati ya uwanja, kisha akauliza, "Umekwenda wapi?" Mpwa wangu alicheka akidhani ni mzaha. Katika la nne, alipokuwa akitembea kando yangu, aligonga tawi la mvinje kwa bega la kulia, tawi ambalo mtoto mdogo angeliona. Hapo nikaanza kumtazama kedi wetu, mzee anayemfahamu Kaka kwa miaka mingi, nikagundua kwamba tangu tulipoanza alikuwa hatoki upande wa kulia wa Kaka, na kwamba baada ya kila mkwaju alikuwa akimwambia kwa sauti ndogo, "Kushoto kidogo, hatua mia na thelathini." Wala hakuwa akituambia sisi wengine.

Katika shimo la saba, upepo wa kusi uliuchukua mpira wa mpwa wangu ukaingia vichakani. Wanaocheza wanajua kwamba tangu kanuni za 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, na hapo awali ulikuwa dakika tano. Shemeji, kijana na kedi waliingia vichakani kutafuta, na mimi na Kaka tukabaki chini ya mwarobaini. Katika dakika hizo tatu ndipo aliponiambia. Alisema, bila kunitazama, "Mdogo wangu, Mama amefunguliwa macho, na mimi yangu yanajifunga kutoka pembeni." Ana presha ya macho. Aligunduliwa mwaka jana, na sehemu kubwa ya uoni wa pembeni wa jicho la kulia imekwisha kupotea. La kushoto limeanza. Anatia matone kila jioni. Anayejua ni mkewe peke yake.

Akaniomba nisimwambie mtu yeyote mpaka nikaha ya binti yake ipite. Anaogopa kwamba wakwe wakisikia kuna ugonjwa wa macho unaorithiwa katika ukoo wetu, watamtazama binti yake kwa jicho jingine, hasa kwa kuwa Mama naye ametoka kupasuliwa jicho majuzi. Kabla sijamjibu, mpira ulipatikana, na wenzetu wakarejea wakishangilia.

Tulimaliza mchezo. Mpwa wangu alishinda, na Kaka alimpa mkono kwa furaha ya kweli. Tangu jana sijalala vizuri. Nimeambiwa kwa siri, na siri ni amana. Lakini kama ugonjwa huu unatembea katika damu, basi dada yangu, mdogo wangu, mimi na hata bibi harusi tunapaswa kupimwa, na hakuna anayeweza kwenda kupimwa kwa habari asiyoijua. Nifanyeje?

Mchangiaji wa Mambrui

Wa alaikumu salaam. Pole kwa mzigo huo. Mimi naona jambo lako liko wazi kuliko unavyoliona wewe. Kaka yako hakukuambia kama daktari anavyomwambia mgonjwa wake. Alikuambia kama mtu anayetua mzigo kwa nduguye, na akaweka sharti. Ukilivunja sharti hilo hatakuambia tena neno, na mtu anayepoteza macho ndiye anayehitaji sana mtu mmoja wa kumwambia. Nikaha ni miezi miwili tu. Mwache amwoze binti yake kwa utulivu, kisha mkae mzungumze. Wewe binafsi waweza kwenda kupimwa kesho, na ukirudi uwahimize wenzako kwamba watu wa umri wenu wanapaswa kupimwa macho, bila kulitaja jina la Kaka. Hilo si uongo.

Mchangiaji wa Langoni, Lamu

Ninazungumza kama mama aliyekwisha kuoza mabinti wawili. Ninawafahamu watu wa kwetu. Wapo watakaonong'ona, hilo silikatai, kwani mitaa yetu ni myembamba na maneno hupita dirisha kwa dirisha. Lakini mzee aliyesafiri kutoka alfajiri kuja kuposa kwenu alikuja kwa ajili ya binti na malezi yake, na macho ya babake hayamo katika posa. Linaloumiza watu wa kwetu ni kufichwa. Ikiwa baada ya nikaha watakuja kusikia sokoni kwamba mkwe wao alikuwa haoni na nyumba nzima ilikuwa ikijua, watauliza ni kitu gani kingine walichofichwa, na aibu hiyo itamkuta binti akiwa tayari nyumbani kwao, peke yake. Ni bora yasemwe sasa, na aseme babake mwenyewe, mdomo kwa sikio. Wewe usimtangulie.

Mchangiaji, mhudumu wa macho katika Kaunti ya Kilifi

Nimeusoma uzi huu mara mbili, na ninaomba niongeze mambo ya kazi yangu, kwa sababu naona maradhi mawili yameanza kuchanganywa, na mkanganyiko huo ndio unaozidisha hofu ya Kaka.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya umri. Lenzi hiyo hutolewa, ikawekwa nyingine ya bandia, na mtu akaona tena kama Mama alivyoona. Presha ya macho ni jambo jingine. Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, shinikizo huongezeka na kuidhuru neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi, si kwa matone wala kwa upasuaji. Matone yanalinda kile kilichobaki, na ndiyo maana hayaachwi hata siku moja eti kwa sababu jicho haliumi. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu, haliumi tangu mwanzo, na mtu hupoteza pembeni huku katikati akisoma gazeti bila taabu, kwa hiyo hajui. Presha hii pia haihusiani na presha ya damu kwa namna watu wanavyodhani. Mtu anaweza kupimwa mkono kila wiki akaambiwa yuko sawa, na macho yake yanaendelea kuharibika.

Kuhusu kurithi, ndiyo, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa zaidi kuliko watu wengine, na sisi watu wenye asili ya Afrika hupatwa mara nyingi zaidi na katika umri mdogo zaidi. Lakini hatari si hukumu. Wengi katika familia hizo hawapati kamwe. Wanapokuja kupimwa wanapaswa kusema wazi kwamba wana ndugu mwenye presha ya macho, ili wasipimwe shinikizo pekee. Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini kuna watu ambao neva yao inaharibika wakiwa ndani ya kiwango hicho, na wengine wana kiwango cha juu na neva ni nzima. Kwa hiyo mhudumu hutazama neva yenyewe nyuma ya jicho, na hupima uoni wa pembeni kwa mashine ambayo mtu hubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Kwa hapo namwambia ndugu yetu wa Mambrui, kwa heshima, kwamba ushauri wake wa kupimwa bila kumtaja Kaka una upungufu: habari ya Kaka ndiyo inayomfanya mhudumu atafute kwa makini.

Je, miezi miwili ingeleta madhara makubwa kwa ndugu zako? Kwa kawaida maradhi haya huenda polepole, na sitaki kukutisha kwa jambo lisilo kweli. Linalonitia wasiwasi ni sentensi uliyoipita haraka: kwamba Kaka aliendesha gari mwenyewe kutoka Mombasa. Mtu asiyeona upande wake wa kulia, katika barabara ambayo pikipiki na watoto wa shule hutokea pembeni, hawezi kungoja Mfungo Sita. Hilo lizungumze naye leo. Na tafadhali, mtu yeyote anayesoma hapa asiende dukani kununua matone ya macho kwa kukisia. Yapo matone yenye steroidi yanayopandisha shinikizo hilo hilo.

Mchangiaji, kedi mstaafu

Sikusoma sana, lakini nimebeba mifuko ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nataka kumsemea yule mzee mwenzangu. Kedi huliona jambo hili kabla ya familia. Mchezaji anayepoteza macho huanza kusikiliza mpira badala ya kuufuata, na akiulizwa husema jua limempiga. Kazi yetu ni kumwambia ulipo na kunyamaza mbele ya wengine, na mzee huyo alifanya vizuri.

Mwambie Kaka pia kwamba asiache kucheza. Tangu 2023 kanuni za gofu zina sehemu nzima, ya 25, inayowahusu wachezaji wenye ulemavu. Asiyeona anaruhusiwa kuwa na msaidizi wa kumsimamisha na kumwelekezea fimbo kabla ya mkwaju, na akiwa kwenye shimo la mchanga anaruhusiwa kugusisha fimbo mchangani kabla ya kupiga, jambo ambalo sisi wengine tungeadhibiwa kwalo. Duniani kuna mashindano ya watu wasioona kabisa. Yeye bado ana katikati, na gofu huchezwa katikati. Mnunulieni mipira ya manjano. Mweupe hupotea haraka katika nyasi zilizokauka.

Mchangiaji wa Mambrui

Nimeyasoma ya mhudumu wa macho, na ninarudi nyuma kwa upande wa gari na wa kupimwa. Bado nasema mwenye habari ni Kaka, na ni yeye wa kuitoa. Tumekubaliana hapo na mama wa Langoni.

Mwanzisha uzi, Malindi (Jumatatu ya wiki iliyofuata)

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Ninaleta habari za wiki nzima kwa sababu wengi wenu mmeniuliza kwa faragha.

Nilimpigia Kaka simu Jumanne, nikaanza na gari. Sikutaja ndugu wala wakwe. Nilimsomea maneno ya mhudumu wa macho kuhusu pikipiki na watoto wa shule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mwezi uliopita, karibu na Mtwapa, alimkosa mwendesha baiskeli kwa shubiri moja, na kwamba tangu siku hiyo huendesha akiomba dua njia nzima. Akasema gari limekwisha. Baada ya hapo ndipo nilipomsomea sehemu ya kurithi, na nikamwambia kwamba sitasema neno kwa mtu, lakini ninamwomba aseme yeye. Hakunijibu siku hiyo.

Ijumaa alipanda basi akaja. Baada ya magharibi alituomba tukae ukumbini, akaanza kwa kumwomba radhi Mama kwa kumficha. Nilidhani Mama atalia. Alinyoosha mkono akaomba apewe chupa ya matone, akaisogeza karibu na taa, akasoma jina la dawa herufi moja moja kwa jicho lake jipya, kisha akauliza hutiwa saa ngapi. Alipoambiwa ni jioni, alisema kwamba kuanzia kesho yake atampigia simu Kaka kila siku baada ya swala ya magharibi kumuuliza kama ametia, na mpaka leo hajakosa. Kwa mwanamke ambaye kwa miaka miwili alikuwa akibonyezewa simu na wajukuu, hilo si jambo dogo.

Dada yangu alimkasirikia Kaka, na alikuwa na haki. Alisema angekuwa amekwisha kupimwa mwaka mzima uliopita. Hasira hiyo bado haijaisha yote, na sitaki kuandika hapa kana kwamba imeisha. Leo asubuhi tumekwenda kupimwa mimi, yeye na mdogo wetu. Wao wawili wameambiwa warudi baada ya mwaka. Mimi neva ya jicho la kushoto ina mashaka kidogo, nami nimeambiwa nirudi baada ya miezi sita kurudia kipimo cha pembeni. Binti wa Kaka atapimwa Mombasa wiki hii.

Kwa upande wa Lamu, Kaka alimpigia mzee mwenzake Jumamosi asubuhi, mlango umefungwa, na hatukusikia yaliyosemwa. Alipotoka alituambia kwamba mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mamake mwenyewe alikufa akiwa haoni na hakuna aliyewahi kuwaambia ni maradhi gani, kisha akamuuliza mahali pa kupima. Tarehe ya nikaha haijabadilika.

Jana tulicheza tena mashimo tisa, watu walewale wanne na kedi yuleyule. Shemeji alileta mipira sita ya manjano. Mpwa wangu alipewa kazi ya kutembea upande wa kulia wa mjomba wake, na kila walipofika penye matawi alimgusa kiwiko bila kukatiza mazungumzo yao. Katika shimo la saba Kaka aliupiga mpira, akauinua uso wake kwenye upepo, akauliza umekwenda wapi, kwa sauti kubwa, mbele yetu sote. Kedi akamjibu kwa sauti kubwa vilevile: "Katikati, bwana, hatua mia na arobaini."